Uzi: Kwa nini sisi watu wa dadu tunaichukia AI kuliko wengine wote?

#1 Nahodha wa Mtepe (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam.

Naandika kitabu cha mchezo wa kuigiza mezani, kurasa 48. Kanuni nimezijenga juu ya SRD 5.1, yaani kanuni za msingi za Dungeons & Dragons (D&D), ambazo wachapishaji wake, Wizards of the Coast, waliziachia kwa leseni huru ya Creative Commons Januari 2023 baada ya wachezaji kuwaka kwa sababu kampuni ilitaka kuibana leseni ya zamani. Mandhari ni Kilwa ya karne ya 14, zama zile Ibn Battuta alipofika pale, 1331. Maandishi yote nimeyaandika mwenyewe, miezi kumi na minne, usiku baada ya kazi. Imebaki michoro, na hela ya mchoraji sina. Nikajaribu AI. Dakika kumi tu nikawa na picha ishirini.

Nikaweka moja kwenye kundi la wachezaji wa nje ili nipate maoni. Hakuna aliyeuliza kitabu kinahusu nini. Robo saa haijaisha nimeshaitwa mwizi, na mmoja akaapa hatanunua kitu chenye jina langu mpaka anaingia kaburini. Nimeumia, sitaficha.

Swali langu: kwa nini kwetu hasira ni kali hivi? Mabango ya matamasha, majalada ya nyimbo, matangazo ya saluni, siku hizi yote yana picha za AI na watu wanapita tu. Ukigusa dadu na karatasi ya mhusika, unataka kutolewa roho. Tujadili chanzo. Sijauliza kama inaruhusiwa au hairuhusiwi.

#2 Pande Ishirini (Nairobi)

Jibu ni Wizards. Waliweka picha ya tangazo la Magic, mchezo wao wa kadi, yenye dalili zote za AI, wakakana, wakabanwa, wakakubali. Tangu siku hiyo kila mchapishaji anaangaliwa kama mshukiwa. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na habari.

#3 Mzee wa Kete (Mombasa)

Pande, mpangilio wako umepinda kidogo, ngoja niunyooshe.

Moto wa kwanza mkubwa ulikuwa Agosti 2023, na haukuhusu Magic. Ulihusu kitabu cha majitu cha D&D, *Bigby Presents: Glory of the Giants*. Wasomaji waliokipata mapema mtandaoni wakaona miguu na silaha zenye maumbo yasiyoeleweka. Mchoraji, Ilya Shkipin, aliyekuwa akiwafanyia kazi tangu 2014, akasema wazi kwamba alitumia AI kumalizia baadhi ya sehemu. Kampuni ikasema haikujua, ikatangaza kubadilisha mwongozo wake kwa wachoraji, na michoro ile ikafanywa upya.

Habari ya Magic ni Januari 2024. Tarehe 4 wakaweka tangazo, wakasema limetengenezwa na binadamu. Tarehe 7 wakarudi kukiri kwamba vipande vya AI vilipenya kupitia programu za kawaida za kuhariri picha. Kati ya hizo siku tatu, mchoraji Dave Rapoza akatangaza kuachana nao.

Na hata Agosti 2023 watu walikuwa wameshaanza kujali. Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, mchezo mwingine wa kuigiza mezani, walishapiga marufuku AI tarehe 1 Machi mwaka huohuo.

#4 Pande Ishirini

Asante mzee. Nimesahihishwa. Ila hoja yangu ibaki: kilichochoma watu ni kukana.

#5 Kalamu Nyeusi (Nairobi)

Mimi ni mchoraji. Naishi kwa kazi za oda kutoka nje, nyingi ni za michezo hii hii. Kwa hiyo, Nahodha, nitakujibu kwa upole, kwa sababu naona wewe si adui.

Unauliza hasira inatoka wapi. Inatoka hapa. 2022, programu za kuchora zilipofunguliwa kwa umma, moja ya majina yaliyoandikwa mno kwenye maelekezo lilikuwa la Greg Rutkowski wa Poland. Zaidi ya mara 90,000. Anachora majoka, mashujaa, mwanga wa jioni kwenye ngome. Amechorea D&D na Magic. Karla Ortiz, mmoja wa wale watatu waliofungua kesi dhidi ya makampuni ya AI ya kuchora, Stability AI na Midjourney, Januari 2023, naye amechorea Magic. Unaona kilipoanzia? Mtu akimwambia mashine "nichoree shujaa mwenye upanga", inarudi kuchota kwenye kisima kidogo sana, na waliochimba kisima hicho ni wachoraji wa fani yetu, wengi tunawajua kwa majina. Mwenye saluni mtaani hamjui aliyechora picha ya mtu mwenye nywele nzuri. Mchezaji wa dadu anamjua aliyechora joka la kitabu chake cha kwanza.

Na mimi yamenikuta. Kuna mchapishaji mdogo wa ng'ambo, jina nitamhifadhia, nilimfanyia kazi miaka mitatu. Dola 45 kwa mchoro wa robo ukurasa, nyeusi na nyeupe. Si utajiri, lakini kodi ya nyumba ilitoka humo. Siku moja akaniletea picha sita za AI, akaomba "nirekebishe mikono" kwa dola 15 kila moja. Nilipozikuza kwenye kioo nikaona namna ninavyochora kivuli kwa mistari ya kukatana. Siwezi kuapa kwamba ni yangu, wengi wanachora hivyo. Lakini nililala usiku ule nikiwa na kitu kooni.

Nilizikataa. Hajanitafuta tena.

#6 Mama Wawili (Tanga)

Pole sana Kalamu. Hiyo ya "rekebisha mikono" imenigusa.

#7 Kizito wa Mwanza

Pole mkuu. Ila nitasema lisilopendwa. Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kunakili. D&D ya kwanza, 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000, dola 10. Baadhi ya michoro ilichorwa na kijana anayeitwa Greg Bell, na kadhaa imefuatishwa moja kwa moja kutoka kwenye katuni za Marvel. Wakati ule Gary Gygax na wenzake walikuwa kama Nahodha leo: hawana hela, wana wazo. Na hakuna aliyelalamika.

#8 Mzee wa Kete

Habari ya michoro ni kweli. "Hakuna aliyelalamika" si kweli. Upande wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, walilalamika kuhusu majina ya viumbe wake, ndiyo maana hobiti waligeuzwa kuwa "halfling" na balrogi akaondolewa kwenye machapisho ya baadaye. Kwa hiyo mchezo huu ulijifunza mapema kwamba kuna mlango wa watu na una mwenyewe.

#9 Kalamu Nyeusi

Na mimi naongeza, Kizito. Kijana aliyefuatisha katuni alikaa na penseli. Mkono wake ulijifunza. Wachoraji wote tumeanza hivyo, mimi nilifuatisha vibonzo vya magazeti mpaka daftari la hesabu likaisha. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya picha elfu za mashine hakuna kijana yeyote aliyejifunza kuchora. Mchoro wa robo ukurasa ndio ulikuwa darasa. Anayeanza hapewi jalada. Anapewa picha ya chupa ya dawa, ya kisu, ya panya mkubwa. Hizo ndizo za kwanza kupotea.

#10 Kizito wa Mwanza

Hapo umenibana. Panya mkubwa kweli ni kazi ya mwanafunzi.

#11 Shabiki wa Peke Yangu (Arusha)

Mimi nipo upande mwingine. Sina kundi. Ninapoishi hakuna anayecheza, na Jumamosi nikitaka kucheza inabidi AI iwe msimulizi wangu. Naifurahia. Mkurugenzi mkuu wa Hasbro, kampuni mama ya Wizards, Chris Cocks, alisema Septemba 2024 kwamba anacheza na watu 30 au 40 na hakuna hata mmoja asiyetumia AI kwa namna fulani kuandaa kampeni, yaani hadithi ndefu ya mchezo. Sasa kama mezani wote tunatumia, kwa nini tukifika dukani tunageuka watakatifu?

#12 Mama Wawili

Kwa sababu mezani hujamuuzia mtu. Nikipika nyumbani natumia kiungo chochote cha paketi na watoto wanakula. Nikifungua mgahawa nikaandika "pilau la kuni" halafu nikapikia paketi, hapo nimemla mtu hela yake.

#13 Pande Ishirini

Mama Wawili 👏🏾

Na huyo bosi anazungumzia watu wa kiwango chake. Meza yangu tuko watano na hakuna anayetumia.

#14 Shabiki wa Peke Yangu

Sawa, nakubali kwamba watu 40 wa bosi si dunia nzima. Lakini swali la Nahodha halijajibiwa. Yeye hakuandika "pilau la kuni". Alisema wazi kwamba ni AI, na bado alichomwa.

#15 Nahodha wa Mtepe

Ndiyo, nilisema mwanzoni kabisa. Kwa hiyo hoja ya uongo (#4) inaeleza hasira dhidi ya Wizards, haielezi yaliyonikuta mimi.

#16 Wakili Mpenda Dadu (Nairobi)

Nichangie upande wa sheria maana naona neno "mwizi" linazunguka.

Marekani, Februari 2023, ofisi yao ya hakimiliki ilitoa uamuzi kuhusu kitabu cha katuni kilichotumia picha za Midjourney: maandishi na mpangilio wa kurasa vinalindwa, picha zenyewe hazilindwi. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, kwenye kesi ya Thaler, aliyetaka hakimiliki ya picha iliyotengenezwa na mashine yake, ikashikilia kwamba mtunzi lazima awe binadamu. Uingereza ni tofauti: sheria yao ya 1988, kifungu cha 9(3), inamtambua kama mtunzi yule aliyefanya maandalizi ya kazi iliyotengenezwa na kompyuta. Sheria yetu ya Kenya nayo ina maneno yanayofanana na hayo.

Maana yake kwa Nahodha: akiuza Marekani, mtu anaweza kuchukua picha zake zote za Kilwa akazitia kwenye kitabu kingine kesho. Maandishi ni yake. Picha hana pa kwenda kushtaki.

Kama aliyeifunza mashine kwa picha za watu aliiba au la, hilo ndilo lililoko mahakamani, na mimi sitatangulia hakimu.

#17 Mama Wawili

Kwa hiyo ataitwa mwizi, na yeye akiibiwa hana pa kulalamika. Biashara gani hii?

#18 Fundi Kurasa (Dodoma)

Kazi yangu ni kupanga kurasa na kuandaa vitabu kwa ajili ya mtambo. Naomba tusiseme "AI" kama kitu kimoja chenye mpaka. Nikifuta doa kwenye picha ya zamani, programu inajaza yenyewe. Nikipanua mandhari ili ifike ukingoni mwa ukurasa, inajaza yenyewe. Miaka kumi iliyopita tuliita hiyo "zana". Leo zana ileile imewekewa injini nyingine ndani na mtumiaji hajaulizwa. Ndiyo sababu maelezo ya Wizards ya Januari 2024 mimi niliyaamini nusu. Inawezekana kabisa aliyetengeneza tangazo alibofya kitufe alichokizoea.

Sera za maduka nazo zinakubali kwamba mpaka ni mgumu. DriveThruRPG, duka la mtandaoni la vitabu vya michezo hii, hawapokei kitabu ambacho maandishi yake kwa sehemu kubwa yameandikwa na AI, lakini picha za AI zinapita mradi ziwekewe alama. Kickstarter, ile tovuti ya kuchangishia miradi, wamepiga marufuku…

#19 Mzee wa Kete

Fundi, samahani nakukata. Kickstarter hawajapiga marufuku. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 wanamtaka mwenye mradi aeleze ametumia AI wapi na vipi. Na wapo wanaoeleza na bado wanachangiwa. Mchezo wa ubao wa Terraforming Mars ulipata zaidi ya dola milioni 2 mwaka 2024, na waliandika wazi kwamba wametumia AI.

Waliofunga mlango kabisa ni tuzo za ENNIE, tuzo za michezo yetu ya kuigiza mezani. Mwanzoni waliruhusu kwa masharti, kisha Februari 2025 wakatangaza kwamba kuanzia msimu wa 2025-2026 hakuna kazi yenye AI itakayoshindania.

#20 Fundi Kurasa

Nimepokea. Na hiyo ya dola milioni 2 inanifanya nijiulize kama hasira ni kubwa kama sauti yake.

#21 Pande Ishirini

Nahodha hata Kickstarter haimhusu. Nchi zinazoruhusiwa kufungua mradi pale hakuna hata moja ya Afrika. Watu wanatuambia "changisha fedha umlipe mchoraji" bila kujua kwamba mlango huo kwetu haupo. Hili linanikera zaidi ya AI yenyewe.

#22 Mzaliwa wa Lushi (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Minasoma tu kila siku, leo naandika. Pande amesema kweli kabisa. Watu ya kule wako na mchoraji, wako na mashine ya kuchapisha, wako na banki yenye kutuma mali. Siye huku tuko na kichwa na téléphone. Kama AI inatoa kitabu ya mutoto wa Katanga mu kichwa inaleta mu dunia, mi siwezi kuikataa.

#23 Kalamu Nyeusi

Ndugu yangu wa Lushi, na mimi niko na kichwa na simu. Na penseli. Mimi ndiye yule mchoraji wa huku ambaye nafasi yake inachukuliwa. Tusiseme "wao wana wachoraji" kana kwamba sisi hatupo.

#24 Mzaliwa wa Lushi

Uko na haki, kaka. Sikutaka kukufuta.

#25 Rehema wa Data (Nairobi)

Kuna upande haujaguswa. Kabla sijaanza kucheza dadu, nilifanya kazi ya kuweka lebo kwenye data, hapahapa mjini. Kampuni siitaji. Unasoma vitu vibaya siku nzima ili mashine ijifunze kutovisema. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu wafanyakazi wa kampuni ya Sama hapa Nairobi waliowafanyia OpenAI, wenye ChatGPT, kazi ya namna hiyo kwa chini ya dola 2 kwa saa, na mimi niliposoma nilijiona, ingawa sikuwa kwenye kampuni ile.

Kwa hiyo mtu akisema "AI imetengeneza picha bure", mimi najua nani alilipia. Hasira ya wachezaji wa Marekani ni kwa ajili ya wachoraji wao, na ni haki yao. Yangu ina sura za wenzangu tuliokuwa tukitoka zamu hatuongei mpaka tufike stendi.

#26 Mama Wawili

Rehema, asante kwa kuandika. Nimesoma mara mbili.

#27 Mwalimu wa Iringa

Nami nilikuwa sijalifikiria hilo, dada.

Nilikuja na la lugha. Nilijaribu kutafsiri SRD kwa Kiswahili ili wanafunzi wa klabu wacheze, leseni inaruhusu ilimradi uwataje wenyewe. Nikaipa AI kurasa kumi. "Saving throw" ikaniletea "tupio la kuokoa". "Hit points" ikawa "pointi za kugonga". Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, nikigongwa naongezewa au napunguziwa?" Nikafuta zote nikaanza upya kwa mkono. Sasa tunasema *uhai*, na ile nyingine tunasema *dadu ya kujinusuru*. Watoto ndio waliolichagua neno "kujinusuru", tulipiga kura.

Kwa maandishi, basi, hasira yangu haina uhusiano na hakimiliki. Mashine iliandika Kiswahili kilichonyooka kisarufi ambacho hakuna mtu anayekisema, na mtoto angekiamini kwa sababu kimechapwa.

#28 Kizito wa Mwanza

"Dadu ya kujinusuru" naichukua leo. Sisi tulikuwa tunasema "rusha upone".

#29 Shabiki wa Peke Yangu

"Rusha upone" ni tamu zaidi mwalimu, rudieni kura 😄

#30 Mwalimu wa Iringa

Nitaipeleka klabuni Ijumaa. Na tukiwa hapo, AI kwa Kiswahili tuseme "akili mnemba" au "akili unde"?

#31 Pande Ishirini

Kenya akili unde.

#32 Kizito wa Mwanza

Tanzania akili mnemba, na uzi huu ulianzishwa Dar.

#33 Mzee wa Kete

Hilo lifungulieni uzi wake, la sivyo kesho tutakuwa ukurasa wa tisa.

Nirudi kwenye mada. Ipo sababu nyingine: wakati. Desemba 2023 Wizards walitoa sera ya kuwakataza wachoraji na waandishi kutumia AI kwenye kazi za mwisho. Mwezi huohuo Hasbro, mama yao, akatangaza kupunguza watu 1,100. Mchezaji akisoma habari hizo mbili mwezi mmoja, anaziunganisha.

#34 Wakili Mpenda Dadu

Anaziunganisha, lakini sababu waliyoitoa Hasbro ni mauzo hafifu ya vichezeo. Tusiitundike kwa AI.

#35 Mzee wa Kete

Sijaitundika, Wakili. Nimesema mchezaji anaziunganisha. Na mwaka uleule ulianza kwa vita ya leseni. Imani ilikuwa imeshachanika kabla picha yoyote haijatokea. Ungemletea mtu yule kitu chochote kipya mwaka ule, angekitilia shaka.

#36 Pande Ishirini

Na shaka hiyo inaumiza wasio na hatia. Desemba hiyohiyo, mchoro wa mbilikimo mwenye ndevu wa kitabu kipya cha D&D ulisingiziwa kuwa AI, video ikasambaa. Ikathibitika umechorwa kwa mkono, na aliyeshutumu akaomba radhi. Kalamu, imewahi kukutokea?

#37 Kalamu Nyeusi

Mara mbili. Sasa narekodi kioo changu kila ninapochora, saa sita za video kwa mchoro mmoja, ili nikiulizwa niwe na ushahidi. Diski imejaa. Nachora huku nikijitetea.

#38 Binti wa Shela (Lamu)

Salaam alaikum nyote. Nahodha, ile picha uliyowaonyesha wageni, tuwekee na hapa tuione.

#39 Nahodha wa Mtepe

Wa alaykum salaam dada. Nimeiweka hapo chini. Ni bandari ya Kilwa, mtepe unaingia, nyuma ni nyumba ya tajiri na mlango wake.

#40 Binti wa Shela

Nimeitazama vizuri. Naomba usinune.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa milango. Mlango uliouweka una mbao mbili, lakini mfaa hauko. Ule ubao wa katikati unaofunika mwanya, wenye nakshi kuliko pote, ndio mtu huutazama kwanza. Mashine imechonga miimo yote, ikajaza maua mpaka kizingiti, ikausahau mfaa. Tena nakshi zake ni za milango ya karne ya 19 ya Unguja, nawe unasema karne ya 14.

Mtepe nao si mtepe. Umeupa tanga la pembetatu kama jahazi. Tanga la mtepe lilikuwa la mraba, la mkeka. Na ubavuni naona vichwa vya misumari! Mtepe ulishonwa kwa kamba za usumba, ubao kwa ubao, hauna msumari hata mmoja. Wewe jina lako ni Nahodha wa Mtepe, mashine imekupa chombo cha mtu mwingine.

Wale wageni walikuita mwizi. Mimi sikuiti hivyo. Nimesikitika tu, kwa sababu ni mara ya kwanza naona mchezo wenye pwani yetu ndani, na mtoto wa Ulaya atakayekinunua ataamini hivyo ndivyo tulivyokuwa.

#41 Nahodha wa Mtepe

Dada, nimesoma nikanyamaza nusu saa.

Kwenye maandishi nimeeleza ushonaji wa mtepe ukurasa mzima. Ukurasa wa 31. Kuna hata kanuni: chombo kikigonga mwamba kinapata nafasi ya kujinusuru (asante Mwalimu) kwa sababu kamba zinanyumbuka pale ambapo msumari ungepasua ubao. Niliandika hayo halafu nikaweka picha yenye misumari nisiione. Niliona picha nzuri, basi.

#42 Rehema wa Data

Hiyo kanuni ya kamba ni nzuri sana. Hiyo ndiyo ungewaonyesha wale wageni.

#43 Shabiki wa Peke Yangu

Lakini tuwe wakweli, mchoraji wa binadamu naye angeweza kukosea tanga. Wangapi wanaujua mtepe? Vitabu vya wageni kuhusu Afrika vilivyochorwa kwa mkono vimejaa makosa tangu zamani.

#44 Binti wa Shela

Kweli. Lakini mchoraji nikimwambia "ongeza mfaa", atauliza "mfaa ni nini?" Nitamweleza, na mara ya pili hatakosea. Mashine niliijaribu jana baada ya kuona uzi huu. Nilieleza tanga la mraba kwa njia saba. Saba zote pembetatu.

#45 Kizito wa Mwanza

Mimi niliijaribu sasa hivi, ya tatu ikatoa mraba. Misumari bado ipo.

#46 Fundi Kurasa

Nahodha, kuna njia ya tatu ambayo wachapishaji wadogo wengi wanaitumia: michoro ya zamani iliyokwisha muda wa hakimiliki. Gustave Doré alifariki 1883, majoka na mapango yake yamejaa kwenye vitabu vya watu. Kwa Kilwa kuna ramani na michoro ya kale ya miji ya pwani. Nyeusi na nyeupe, inachapika vizuri hata kwenye karatasi ya bei nafuu, na hakuna wa kukuuliza.

#47 Wakili Mpenda Dadu

Tahadhari moja tu: angalia hiyo nakala ya picha umeitoa wapi, baadhi ya makumbusho yana masharti yao kwenye faili. Mchoro ni huru, faili huenda si huru.

#48 Binti wa Shela

Na wengi waliochora ile michoro ya kale ya miji yetu walikuwa wageni waliokuja na mizinga. Mnalikumbuka hilo?

#49 Kalamu Nyeusi

Nahodha, kurasa 48 hazihitaji picha ishirini. Vitabu vizuri nilivyofanyia kazi vilikuwa na mchoro mmoja kila kurasa tano au sita, na nafasi tupu ya kupumua. Nane zinatosha. Nikufanyie nane, nyeusi na nyeupe. Bei yangu ya kawaida sitaitaja hapa, na bure sifanyi, bure inaniua mimi na wenzangu. Lipa mbili sasa kwa M-Pesa, zilizobaki tuandikiane asilimia ya mauzo, Wakili ataangalia karatasi.

#50 Wakili Mpenda Dadu

Nitaangalia. Nakala moja ya kitabu ndiyo ada.

#51 Shabiki wa Peke Yangu

Safi kwa Nahodha. Lakini swali la #1 bado liko pale. Tumesema uongo wa Wizards, kisima cha wachoraji, leseni, ajira, lugha, dola 2 kwa saa, mfaa. Ni ipi? Kwa sababu mimi Jumamosi nitawasha msimulizi wangu wa AI kama kawaida, na nataka kujua namkosea nani.

#52 Rehema wa Data

Sikwambii usiwashe. Ukiwasha, nikumbuke.

#53 Mzee wa Kete

Mimi nashikilia leseni. Mama Wawili atashikilia pilau lake.

#54 Mama Wawili

Nalishikilia.

#55 Nahodha wa Mtepe

Kalamu, nimekutumia ujumbe wa faragha na kurasa za 29 hadi 33. Mchoro wa kwanza naomba uwe mtepe. Binti wa Shela, mafundi walipokuwa wakishona, kamba zilionekana kwa nje au zilizama ndani ya ubao? Nataka Kalamu ajue kabla hajaanza.

#56 Binti wa Shela

Kesho baada ya adhuhuri nitakwenda makumbusho ya Lamu nimtafute wa kunieleza, nisije nikakujibu kwa kukisia. Mwambie asichore ubavu mpaka nirudi.